Gitaa Lililokunywa Maziwa

Kwa majuma sita mazima, nikiwa mtu mwenye ndevu na daftari la hesabu kwapani, niliamini kabisa kwamba gitaa la jirani yangu lilikuwa linakunywa maziwa. Si maziwa ya ovyo. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa mara moja tu, kikombe kimoja kila Jumamosi, yakimiminwa polepole katika lile tundu la tumboni, kisha gitaa linalazwa chali lipumzike kama mtoto aliyeshiba. Ndiyo maana, watu walisema, lilikuwa na sauti tamu namna ile. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kusoma sehemu na desimali, mito yote ya Kongo na vijito vyake, sikuuliza kama jambo hilo linawezekana. Niliuliza tu ni ng'ombe wa rangi gani.

Tulikuwa Mushaki, katika vilima vya Masisi, miaka ya sitini, miaka ile ambayo redio ndogo za betri zilianza kupanda vilima mikononi mwa watu. Kila nyumba yenye redio ilikuwa na majirani arobaini wameegemea ukuta wake kwa nje. Magitaa ya mji mkuu yalikuwa yanalia ndani ya visanduku vile mpaka mtu anasahau jembe lake shambani. Mimi nilisahau majembe mawili.

Mchana nilikuwa nashona magunia ya maharagwe kwa mfanyabiashara mmoja, kwa sindano ndefu kama mkuki. Jioni nilikuwa nakwenda shule ya watu wazima, ambako tulikalia mabenchi ya watoto, magoti yakikaribia masikio. Jirani yangu huyo alikaa nami benchi moja. Alikuwa mfanyakazi wa leteri, pale ambapo maziwa ya vilima vyetu yanafanywa kuwa fromaji, yaani jibini. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza fromaji, kuzipaka chumvi, na kuzigonga kwa kifundo cha kidole ili asikie kama kuna uwazi mbaya ndani. Yeye alinuka maziwa makali, mimi nilinuka gunia, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuomba ahamie benchi letu. Tulipendana. Nalisema hilo mapema, kwa sababu mtu wa Kitshanga nisiyemjua siwezi kumwonea wivu. Nilimwonea yule aliyeniazima wino.

Sote wawili tulijua kupiga gitaa kidogo. Tulijifunza kwa gitaa la katekista, lenye nyuzi nne tu, mbili kati ya hizo zikiwa waya zilizochomolewa katika kamba ya freni inayosimamisha baiskeli. Mwalimu wetu alijua hilo. Jioni moja alitangaza kwamba siku ya kupewa vyeti darasa letu litaimba mbele ya wazazi, na mbele ya mkaguzi atakayepanda kutoka Goma, na mmoja wetu atauongoza wimbo kwa gitaa. Gitaa la katekista hapana, alisema, lile linalia kama mlango. Atakayeleta lake lenye sauti nzuri ndiye atakayepiga, na yeye Mwalimu atatusikiliza majuma mawili kabla ya sikukuu.

Nilitaka kazi ile kuliko nilivyotaka cheti chenyewe. Mama yangu alikuwa anakaa juu kabisa ya kilima, analima maharagwe na viazi, na tangu anizae hajawahi kuniona nikifanya jambo mbele ya watu isipokuwa kubeba. Kesho yake, kabla hata sijajua magitaa yanauzwa wapi, nilipanda kumwambia kwamba atakayepiga siku ya vyeti ni mimi. Nilimwambia pia kwamba mkaguzi ameniomba mwenyewe kwa barua. Barua hiyo ilikuwa na mihuri mitatu. Mama aliniuliza mihuri ilikuwa ya rangi gani, nami nikamtajia rangi zote tatu.

Msimu wa mavuno ulipokwisha, mimi na mwenzangu tulikuwa na pesa karibu sawa, yaani chache: zinatosha gitaa la chini kabisa na gari ya kurudi. Tukatelemka Goma pamoja, tumekaa juu ya kabichi za mtu.

Katika duka tulilolipata kulikuwa na magitaa matano, yametundikwa juu ya mabakuli ya bati. Manne yalitoka ng'ambo. Lile jekundu nilioana nalo nikiwa bado mlangoni. Lilimetameta hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, na kuzunguka tundu lake kulikuwa na maua ya rangi ya lulu. Nilizipiga nyuzi zote kwa mkupuo mmoja, likatoa sauti kubwa, nikaridhika. Gitaa ambalo mama ataliona hata akiwekwa mstari wa mwisho, hilo ndilo nililolitaka.

Mwenzangu alikwenda moja kwa moja kwenye lile la tano. Hilo lilikuwa la kahawia, halikupakwa rangi, baya kama gogo. Seremala mmoja wa upande wa Walikale alikuwa amelichonga kwa mbao za msitu wa kule na kuliacha pale liuzwe. Pembeni lilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta. Akaligonga kifuani kwa kifundo cha kidole, hapa, kisha hapa, kisha mgongoni, sikio likiwa karibu, vilevile anavyogonga fromaji. Akaliinua mpaka jichoni, akatazama shingo yake kuanzia kichwani hadi chini, jicho moja limefungwa kama mtu anayelenga ndege. Halafu akabonyeza kila uzi kwenye kila kipingo cha chuma cha shingoni, mmoja mmoja. Nilikaa chini. Nikasimama. Nadhani ndevu ziliniota upya.

"Kaka," nikamwambia, "unanunua gitaa ao unanunua fromaji?"

Mwenye duka akacheka. Mwenzangu hakucheka. Alikuwa amebonyeza uzi wa chini kabisa, akaniinulia kidole nisubiri.

"Acha kwanza ife," akasema. Alimaanisha ile sauti.

Gitaa lake lilikuwa la bei ndogo kuliko langu, hivyo akabaki na kitu cha kununua seti nyingine ya nyuzi na mkate mmoja mrefu. Mimi nilibaki na mifuko. Njia nzima, kupita Sake na kupanda, nilikuwa nimelifunika jekundu langu kwa koti nisije nikalichafua kwa majani ya kabichi yaliyobaki garini, nikimwonea mwenzangu huruma. Nilikula nusu ya mkate wake huku nikimwonea huruma.

Huruma hiyo ilikufa jioni ya kwanza. Gitaa langu, likipigwa bila kubonyezwa, lilikuwa na sauti kubwa ya kutosha. Lakini nilipobonyeza katikati ya shingo, nyuzi zilikuwa juu sana, vidole vikachubuka, na kila sauti ikatoka upande wake, kama watu wawili wanaogombania wimbo uleule. Nililipanga sauti asubuhi, mchana, jioni. Kabla sijafika mwisho wa ubeti lilikuwa limekwisha kusahau tuliyokubaliana. Na ndani, nyuma ya yale maua ya lulu, lililia kama kopo la sardini.

La mwenzangu sijui niseme nini. Alikuwa analipiga kule leteri, mapumziko ya mchana, na mlango ukiwa wazi sauti ilitelemka bondeni, nene chini, tamu juu, hata ng'ombe waliacha kucheua. Nimewahi kuona ukungu ukisimama barabarani kusikiliza. Hilo niko tayari kuliapia.

Basi wivu ukaingia kwangu bila kupiga hodi, ukavuta kiti. Nilianza kuzunguka kwa njia ndefu nisipite karibu na leteri. Halafu nikaona njia ndefu inanitesa zaidi, maana sikujua anapiga nini. Nikarudia njia fupi, nimeziba masikio. Baada ya juma nikawa naziba moja. Bosi wangu, mtu ambaye katika miaka minne hakuwahi kuusifu hata mshono mmoja wa gunia, nilimkuta amesimama barabarani na maharagwe ya mteja mkononi, mdomo wazi, anasikiliza. Mteja naye alikuwa anasikiliza. Nilimwomba Mungu uzi wa mwenzangu ukatike. Mungu alinisikia upesi, ukakatika kesho yake. Akatia mwingine kutoka ile seti ya pili, na kwa kuwa ulikuwa mpya, sauti ikazidi kuwa nzuri. Tangu hapo niliacha kumsumbua Mungu kwa mambo yale.

Darasani tuliendelea kuchovya wino uleule. Aliniomba siku moja nimletee jekundu langu alitazame kidogo. Nilimwambia limelala.

Aliyeleta habari ya maziwa ni dada yangu mkubwa. Niliishi kwake na shemeji, na Jumamosi yeye ndiye aliyepeleka maziwa yetu leteri. Jumamosi hiyo alirudi na ndoo tupu, akaiweka chini polepole kama yenye kitu ndani.

"Mudogo wangu," akasema, "acha kujisumbua. Ule muntu, gitaa yake inakunywaka maziwa. Niliona na macho yangu kwa dirisha. Aliilalisha juu ya meza, kikombe iko mukononi, juu ya ile tundu."

Nilimjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba gitaa ni mbao.

"Na kibuyu iko nini?" akaniuliza. "Ile kitu iko na tumbo, iko na shingo, iko na kinywa. Weye ulinunua kibuyu mupya, unakitumia vile vile, halafu unashangaa iko na uchungu."

Hapo alinikamata. Asiyetoka kwetu ajue kwamba kwa watu wetu chombo cha maziwa hakitumiki siku kinaponunuliwa. Kibuyu kipya hufukizwa kwa moshi wa majani yake maalum, huoshwa, hufukizwa tena, hutiwa maziwa kidogo na kusukwasukwa, mpaka kizoee. Kikizoea, maziwa ya kuganda yatakuwa matamu ndani yake miaka na miaka. Kisipozoea, hata maziwa ya ng'ombe bora yanaharibika. Mama yangu alikuwa na kibuyu kilichonizidi umri, na sina hakika kama hakikunizidi heshima. Kwa hiyo jambo likawa wazi kabisa. Mtu wa leteri alikuwa ameficha siri ya leteri. Gitaa lake halikuwa bora kuliko langu, lilikuwa limezoeshwa tu. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena. Kama ni siri, basi si kipaji, na siri mtu anaweza kuiba.

Katika juma lile kilima kizima kilikuwa na la kusema. Huyu alijua kwamba ni maziwa ya asubuhi. Yule alijua kwamba ni ya ng'ombe aliyezaa mara moja. Mwingine alikuwa na shahidi kwamba gitaa lile likishiba sana hulia lenyewe juu ya msumari. Nilichukua yote, sikubagua.

Jumamosi iliyofuata nilikata majani ya kufukizia, dada akanitilia makaa katika kigae. Nililishika jekundu langu juu ya moshi, tundu likitazama chini, mpaka maua ya lulu yakawa maua ya kahawa. Kisha nikamimina kikombe. Nikalipakata, nikalisukasuka mbele na nyuma, taratibu, jinsi mama zetu wanavyosukasuka kibuyu wakitafuta siagi. Dada alisimama mlangoni akinirekebisha mikono. Nikalilaza chali, nikangoja, nikapiga. Nikaapa mbele yake kwamba sauti imenenepa. Na kweli ilikuwa imenenepa, maana gitaa lilikuwa na maziwa ndani.

Jumamosi ya pili niliongeza cha pili, kwa kuwa langu lilikuwa limechelewa kuanza. Ya tatu nilitia vitatu. Inzi wa Masisi nzima walipata habari, na wale wa Walikale nadhani walikuwa njiani. Shemeji, mtu mpole ambaye alivumilia mengi katika nyumba yake, aliniomba gitaa lilale kwenye kibanda cha mbuzi. Kesho yake mbuzi walikutwa wamelala nje. Mgongo wa gitaa ukavimba kama tumbo la mtu aliyekula viazi vibichi. Mimi nikasema limeshiba.

Ikafika jioni ya Mwalimu kutusikiliza. Mwenzangu alianza. Alipomaliza, Mwalimu aliachia chaki ikadondoka mezani. Mimi nilijiambia: subirini, lake limekunywa kimoja kimoja, langu limekunywa sita.

Nikasimama mbele. Akordi ya kwanza ilisikika kama mtu anayepiga makofi ndani ya tope. Kwa akordi ya pili, maji machungu yakaanza kunitiririka kwenye suruali. Kwa ya tatu, mgongo wa gitaa uliachana na mbavu zake, bila fujo, ukashuka sakafuni, na kitu cheupe kikaufuata. Msomaji anaweza kusema natia chumvi, na mara nyingi natia. Lakini kile kitu kilikuwa fromaji, na mtu wa leteri alikitazama kwa jicho la kazi.

Watu wazima walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mwalimu hakucheka, alivua miwani, akaifuta muda mrefu sana, mgongo ukituelekea. Kisha akasema mwenzangu ndiye atakayepiga siku ya vyeti, na mimi nitaimba sauti ya chini, mstari wa nyuma. Mwenzangu peke yake ndiye aliyeinama kuniokotea vipande. Nilivipokea bila kusema asante. Hata wakati ule, suruali ikiwa imelowa, nilikuwa napiga hesabu kichwani: pengine nilikosea ng'ombe.

Mama sikumwambia. Nilipanda kwake mara tatu katika majuma yale mawili, na mara zote tatu nilizungumza juu ya viazi. Aliniuliza kama mkaguzi ameandika tena. Nilisema ameandika kwa kifupi.

Siku ya vyeti alitelemka kwa miguu tangu alfajiri, amevaa kitenge chake cha Noeli, akakaa mbele kabisa. Kutoka mstari wa nyuma niliweza kuona jinsi anavyoinama kwa jirani zake, huyu wa kushoto, huyu wa kulia, na nilijua anawaambia nini. Kiti cha mpiga gitaa kilikuwa kimewekwa pekee, mbele yetu. Mwenzangu akaja akakikalia na gogo lake la Walikale. Mama alimtazama. Akatazama mlango. Akaanza kututafuta mstari kwa mstari, mpaka akanifikia nyuma, kati ya fundi wa viatu na mlinzi wa shamba. Hakubadilika uso. Aliacha tu kuinama kwa jirani zake.

Niliimba kwa nguvu kiasi kwamba mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Sikuweza kulifunika lile gitaa. Lilikuwa zuri. Naandika neno hilo na bado linaniuma kidogo hapa kifuani. Lilikuwa zuri mno, na kufika ubeti wa pili niliona bega la mama linaanza kucheza, polepole, bila ruhusa yake.

Tulipotoka nje na vyeti vyetu alikuja kunishika, akakisoma cheti changu kwa vidole kwa kuwa hakujua kusoma. Kisha akaniacha, akaenda kwa mwenzangu na kumshika mikono yote miwili.

"Mutoto wangu," akamwambia, "hii mikono Mungu aibariki."

Hapo nilishindwa. Mambo yote tangu siku ya duka yalinipanda kooni, pamoja na moshi wake.

"Mama, usimusifu yeye," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Sifu ng'ombe yake."

"Ng'ombe gani?" mwenzangu akauliza.

Nikamwaga yote. Kikombe cha Jumamosi, ile siri aliyomficha mtu anayeshirikiana naye wino, majani, makaa, vikombe vyangu sita, mbuzi. Nilimwambia kwamba kama angenionyesha ng'ombe mwenyewe, mimi ndiye ningekalia kile kiti, na mama yangu asingetafuta mtoto wake kama mtu anayetafuta kuku. Mama alikuwa anasikiliza, mkono umefunika mdomo. Yeye mwenzangu alinitazama kwanza bila kuelewa, halafu nikaona inamwingia polepole kile kitu cheupe cha darasani kilikuwa nini. Nilingoja acheke. Angecheka ningepata nafuu.

Hakucheka. Alisogea karibu, akasema polepole, mimi na mama tu tukasikia:

"Kaka, ile maziwa nilikuwa nakunywa miye mwenyewe. Kila Jumamosi leteri inatupatiaka. Dada yako aliniona nabadilisha waya, kikombe iko mukononi. Gitaa haikunywaka kitu. Ya kwako shingo yake ilikuwa imepinda tangu dukani."